Kuhuisha leseni ya droni kusiishie kwenye maswali ya mtandaoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowagusa marubani wa droni, wateja wanaowapa kazi, na watu wengine wote ambao vyombo hivi hupita juu ya vichwa vyao. Jambo lenyewe ni utunzaji wa leseni ya rubani baada ya kupatikana. Kuhusu njia ya kuipata, mengi yamekwisha kuandikwa: umri unaotakiwa, mtihani, ada na kozi. Baada ya hapo hatusikii kitu, na matokeo yake ni kwamba marubani wengi huichukulia leseni kama cheti cha shule, ambacho mtu akishakipata hukitundika ukutani na kusahau habari zake. Mimi nafundisha urushaji wa droni, na hoja ninayotaka kuileta mbele ya wasomaji wako ni hii: leseni ya rubani ina uhai wa karatasi na uhai wa mkono, na utaratibu wa kuihuisha katika nchi nyingi hushughulikia uhai wa kwanza na kuupuuza wa pili.

Nianze na karatasi, kwa kuwa hata hapo wengi hukwama. Hakuna muda mmoja wa leseni unaotumika duniani kote. Katika Umoja wa Ulaya, vyeti vya umahiri vya A1/A3 na A2, yaani makundi ya urushaji yanayotofautiana kwa ukaribu na watu, hudumu miaka 5. Japani, ambayo mfumo wake wa leseni za taifa za droni ulianza Desemba 2022, leseni hudumu miaka 3. India, chini ya Kanuni za Droni za mwaka 2021, cheti cha rubani hudumu miaka 10. Kanada humtaka rubani aonyeshe kwamba ndani ya miezi 24 iliyopita amefanya mojawapo ya mambo yanayokubalika, kama vile kurudia mtihani, kupimwa urushaji wake, kuhudhuria semina ya usalama au kukamilisha zoezi la kujisomea, na ushahidi wa jambo hilo awe nao pale anaporushia. Marekani nako ni tofauti: cheti cha rubani anayerusha droni kwa kazi hakina tarehe ya kwisha, lakini mwenye nacho haruhusiwi kurusha kwa kazi ikiwa imepita miezi 24 ya kalenda tangu afaulu mtihani wa kwanza au amalize mafunzo ya marudio. Wapo wanaosikia nusu ya kwanza ya maelezo hayo, kwamba cheti hakiishi, wakaondoka nayo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na kadi halali kabisa mfukoni na bado akawa hana haki ya kuinua chombo kutoka ardhini.

Hata hesabu ya miezi inahitaji uangalifu. Miezi 24 ya kalenda haiishi tarehe ile ile aliyofanyia mtihani. Aliyemaliza mafunzo ya marudio tarehe 10 Machi 2025 anaruhusiwa kurusha hadi siku ya mwisho ya Machi 2027. Kwingineko hesabu hufuata tarehe kamili iliyochapishwa kwenye cheti. Kwa hiyo ushauri ninaowapa wanafunzi wangu ni kusoma kanuni za mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi wanakorushia, kwa macho yao wenyewe, badala ya kutegemea video ya rubani wa nchi nyingine, ambaye huenda anasema kweli tupu kuhusu kwao lakini maneno yake yakampotosha anayemsikiliza kutoka mbali.

Jambo jingine linalowaangusha marubani makini ni kwamba leseni haisimami peke yake. Nyuma yake kuna usajili wa chombo, kibali cha mwendeshaji, bima, na mara nyingine ruhusa ya eneo mahususi, na kila kimoja kina tarehe yake. Uingereza, kwa mfano, hutoa namba mbili: ya mrushaji, ambayo hudumu miaka 5 baada ya kufaulu mtihani, na ya mwendeshaji, yaani anayewajibika kwa chombo chenyewe, ambayo huhuishwa kila mwaka. Marekani usajili wa droni hudumu miaka 3, ilhali mafunzo ya rubani hurudiwa kila baada ya miezi 24, kwa hiyo tarehe hizo mbili hazikutani ila kwa bahati. Nimewahi kuona mkoba wa kazi uliopangwa vizuri ajabu: betri zimeandikwa namba, propela za akiba zimo kwenye kifuko chake, kizibao cha kuakisi mwanga kimekunjwa juu, na leseni imewekewa plastiki ili isilowe. Stakabadhi ya usajili wa droni iliyokuwamo humo ilikuwa imepitwa na wakati, na mwenye mkoba alikuwa hana habari. Rubani huyo si mzembe. Aliamini kwamba kuitunza leseni kunatosha kuvitunza vyote vilivyounganishwa nayo.

Wanaorusha kwa malipo wanapaswa kuiangalia bima kwa jicho la pekee. Mikataba mingi ya bima huweka sharti kwamba anayerusha awe na leseni hai na chombo kiwe kimesajiliwa. Ajali ikitokea siku moja baada ya tarehe kupita, kampuni ya bima itaomba nyaraka kabla ya kuuliza propela ilivunjikaje, na gharama ya kioo cha gari au ya matibabu ya mpita njia inaweza kumwangukia rubani mwenyewe. Wateja nao wanahusika hapa. Anayeajiri rubani kupiga picha za jengo, kupima shamba au kukagua nguzo za umeme huomba aone leseni, akaona kadi yenye jina na picha, akaridhika. Aombe pia uthibitisho wa mafunzo ya mwisho, usajili wa chombo na hati ya bima, kisha asome tarehe. Kazi hiyo haizidi dakika chache, na rubani anayeipenda kazi yake hataudhika kuulizwa.

Wapo wanaosema kwamba kuhuisha ni njia tu ya kukusanya ada. Sikubaliani nao, kwa sababu kanuni za anga hubadilika wakati leseni ikiwa bado mfukoni. Aliyefaulu mtihani Marekani mwaka 2019 alijifunza kwamba kurusha usiku kunahitaji kibali maalumu. Tangu Aprili 2021 kunaruhusiwa kwa rubani aliyepata mafunzo mapya, mradi chombo kiwe na taa za kuzuia kugongana zinazoonekana umbali wa maili 3. Baadaye lilikuja sharti la utambulisho wa mbali, linaloitaka droni itangaze hewani namba yake na mahali ilipo, na utekelezaji wake kamili ulianza Machi 2024. Ulaya nako, tangu 1 Januari 2024, alama ya daraja iliyobandikwa kwenye chombo ndiyo inayoamua droni mpya iruke wapi na kwa ukaribu gani na watu. Rubani aliyeacha kusoma siku aliyopewa leseni anarusha kwa sheria za anga ambayo haipo tena. Kwa upande huu, mafunzo ya marudio yana maana kubwa, na naiunga mkono hatua ya Marekani ya mwaka 2021 ya kuyaweka mtandaoni bila malipo, kwa kuwa kabla ya hapo rubani alilazimika kulipia mtihani katika kituo maalumu kila mara, na wengine walishindwa kwa sababu ya gharama na umbali.

Sasa nije kwenye mkono, ambao hasa ndio ulionifanya nichukue kalamu.

Maswali ya kuchagua jibu yanaweza kupima kama mtu anajua kimo cha juu kinachoruhusiwa, ambacho katika nchi nyingi ni takribani mita 120 kutoka ardhini. Hayawezi kupima vidole. Marekani cheti chenyewe hutolewa bila rubani kurusha chochote mbele ya mtahini. Kufaulu mtihani wa nadharia kunatosha, na marudio nayo ni ya nadharia. Kwa hiyo mtu anaweza kupewa cheti, kukihuisha, na kukihuisha tena, pasipo mtu yeyote mwenye dhamana kumwona akitua. Sisemi kwamba marubani wa huko hawajui kurusha, maana wengi ni mafundi hodari. Ninachosema ni kwamba utaratibu huo hauna njia ya kumtofautisha fundi huyo na mtu aliyeifungia droni kabatini mwaka mzima.

Tofauti kati ya wawili hao haionekani siku ya utulivu. Droni ya kisasa inayopata mawimbi ya setilaiti za kutosha hujishikilia yenyewe hewani; rubani akiachia vijiti vya rimoti, chombo kinasimama pale pale hata kama upepo unavuma, na mgeni wa kazi hii anaweza kuonekana hodari ndani ya saa moja. Sasa chombo hicho kipeleke jioni kando ya ukuta mrefu wa jengo. Ukuta umeficha nusu ya anga, kwa hiyo idadi ya setilaiti inashuka. Vyuma vilivyomo ndani ya zege vinaivuruga dira. Kamera za chini ya chombo, ambazo huisaidia kuitambua ardhi, hazioni kitu kwa sababu ya giza. Kwenye skrini linatokea onyo kwamba droni imeacha kujishikilia, na papo hapo inaanza kuteleza kufuata upepo. Rubani ambaye mkono wake umepoa hufanya lile alilolizoea, anaachia vijiti akitarajia chombo kisimame, na chombo hakisimami. Anakodolea macho skrini badala ya kuitazama droni yenyewe. Anasukuma kijiti upande wa kushoto, lakini pua ya chombo imemwelekea yeye, kwa hiyo kushoto kwa chombo ni kulia kwake, na kila anavyosukuma ndivyo propela zinavyoukaribia ukuta. Akibonyeza kitufe cha kurudi nyumbani mambo yanaweza kuharibika zaidi, kwani kitufe hicho hutegemea setilaiti zile zile zilizopotea. Aliyefanya mazoezi karibuni huinua macho, husukuma kijiti taratibu kinyume na mtelezo, hukiondoa chombo ukutani na kukipandisha hadi kwenye anga wazi, ambako setilaiti hurejea. Mambo hayo yote hutokea ndani ya sekunde chache. Hakuna nafasi ya kukumbuka somo. Linalofanya kazi wakati ule ni mazoea ya vidole, na mazoea hayo hupungua mtu asiporusha, hata kama karatasi zake zote zimesimama wima.

Wenzetu wa ndege zenye rubani ndani waliliona hili zamani. Marekani na Ulaya, rubani habebi abiria ikiwa ndani ya siku 90 zilizopita hajaruka na kutua walau mara 3. Kanuni hiyo haiulizi leseni yake ilitolewa lini, wala haiulizi amekusanya saa ngapi maishani. Inauliza amefanya nini karibuni. Droni haibebi abiria, lakini inaporuka juu ya mtaa wenye watu, kuna wanaoweza kuumia vile vile, na wao hawakuuliziwa kama wanakubali kuwa chini yake. Naona wazo la siku 90 linafaa kuletwa kwetu kwa umbo jepesi. Afrika Kusini tayari humtaka rubani akaguliwe upya kabla ya leseni yake ya miezi 24 kuongezewa muda, na jambo hilo linaonyesha kwamba urushaji wenyewe unaweza kuwekwa ndani ya utaratibu wa kuhuisha bila kuiua kazi.

Ninajua pingamizi litakalotolewa, nalo si dogo. Rubani anayejitegemea hupata kazi kwa msimu. Ukimwongezea safari ya kwenda kwa mtahini, ada ya mtahini na siku ya kazi iliyopotea, wengine wataacha kuhuisha na kurusha kwa kujificha, na hapo usalama utakuwa umepungua badala ya kuongezeka. Naiheshimu hoja hiyo, na kwa sababu yake sipendekezi mtihani mzito. Napendekeza mamlaka zimtake rubani anayehuisha awasilishe kitabu cha kumbukumbu za urushaji kinachoonyesha mazoezi machache yaliyotajwa kwa majina, yaliyofanywa ndani ya miezi mitatu iliyotangulia na kutiwa saini na rubani mwingine mwenye leseni hai aliyeyashuhudia. Droni yenye uzito wa chini ya gramu 250 inayorushwa kwa burudani isihusishwe. Anayerusha kwa malipo karibu na watu ndiye aanze.

Mazoezi yenyewe si ya ajabu. Kukishikilia chombo mahali pamoja pua ikimwelekea rubani, kisha kukitua hivyo hivyo. Kuchora umbo la namba nane hewani kwa kimo kisichobadilika, ukikitazama chombo na si picha ya kwenye simu. Kukatiza safari ya kurudi nyumbani katikati ya njia na kuimalizia kwa mkono. Kutua mahali pa dharura palipochaguliwa kabla ya kuruka. La kurusha bila msaada wa setilaiti ndilo gumu kulipanga, kwa sababu droni nyingi ndogo za siku hizi hazimpi rubani swichi ya kuuzima msaada huo. Hapo inafaa kutumia chombo kidogo cha mazoezi ndani ya ukumbi, au programu ya kuigiza urushaji kwenye kompyuta, ambayo ingawa haileti hofu ya kweli, huvikumbusha vidole kushoto na kulia.

Kitabu cha kumbukumbu nacho kiwe kitabu kweli. Vingi ninavyovikagua vina tarehe na dakika tu, na dakika hizo hazimwelezi mtu chochote. Andika chombo kilichotumika, namba ya betri na chaji iliyobaki wakati wa kutua, hali ya upepo, na juu ya yote andika lililokwenda kinyume na matarajio: onyo la dira, picha iliyokatika kwa muda, ndege mnyama aliyekisogelea chombo. Rubani akisoma kurasa zake za miezi sita ataona mwenyewe ni wapi amedhoofika. Tena aliyekaa muda mrefu bila kurusha harudii chombo kile kile alichokiacha. Betri za lithiamu zilizoachwa zimejaa chaji kwa miezi zinaweza kuvimba. Programu ya chombo imesasishwa na kuhamisha baadhi ya mipangilio. Kimo cha kurudi nyumbani kimerudishwa kwenye namba ya kiwandani, pengine chini ya miti iliyopo eneo la kazi. Hayo yote yakaguliwe kwa safari fupi mahali pa wazi kabla ya kupokea kazi ya mtu.

Kwa yule ambaye tarehe imekwisha kumpita, jibu ni kusimama. Najua ugumu wake, kwani mara nyingi hugundua asubuhi ya kazi, mteja amefika na wafanyakazi wanasubiri, na maneno yanayosikika ni kwamba tumalize hii moja tu. Mteja aambiwe ukweli na kazi ipewe rubani mwenye leseni hai hadi nyaraka zitakaponyooka. Mamlaka nazo zinaweza kupunguza hali za namna hii kwa kumruhusu rubani ahuishe mapema bila kupoteza siku zilizobaki, yaani muda mpya uhesabiwe kuanzia mwisho wa ule wa zamani. Pale ambapo muda mpya huanza kuhesabiwa siku ya maombi, rubani huadhibiwa kwa kuwahi, na si ajabu akingoja wiki ya mwisho, wakati ambapo hitilafu ndogo ya mtandao inatosha kumtoa kazini.

La mwisho ni taarifa za ukumbusho. Mamlaka yenye anwani ya rubani haishindwi kumtumia ujumbe miezi mitatu kabla, na mwingine mwezi mmoja kabla, ukitaja kwa pamoja tarehe za leseni, za usajili na za kibali cha mwendeshaji, badala ya kumwachia azifuatilie kwenye kurasa tatu tofauti. Lakini ujumbe hufika pale tu anwani ilipo sahihi. Marekani humpa mwenye cheti siku 30 za kuitaarifu mamlaka anapohama, na akizidisha hapo hawezi kukitumia cheti mpaka atoe taarifa. Marubani wengi husasisha namba zao za simu kwa wateja siku ile ile wanapozibadilisha, huku mamlaka ikibaki na namba ambayo haipokelewi tena. Nawaomba wanaosoma barua hii na wana leseni waingie leo kwenye akaunti zao, waangalie ni namba gani imeandikwa humo.

Wako msomaji,
Rubani na mkufunzi wa droni